Milango wazi ya tarakilishi: Nani alipe gharama ya uamuzi wa kiwandani?

MJADALA kuhusu usalama wa tarakilishi humu nchini huwaka kila wadukuzi wanapofanya uharibifu, kisha huzimika pindi tovuti zinaporejea hewani.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 2012, mdukuzi kutoka Indonesia alipochafua kurasa za tovuti 103 za serikali. Ndivyo ilivyokuwa tena Julai 2023, jukwaa la eCitizen lilipozidiwa na mafuriko ya maombi bandia yaliyorushwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na raia wakakwama bila hati walizozihitaji.

Katika kelele hizo zote, kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa. Nalo lamgusa mkazi wa Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, sawa na linavyomgusa waziri jijini Nairobi: Je, tarakilishi inapotoka kiwandani, huduma zake za mtandao ziwe zimewashwa au zimezimwa?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la mafundi pekee. Sivyo. Ni swali la nani anayeamua ni milango mingapi iachwe wazi katika mashine inayohifadhi nakala ya kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mwanao na rekodi zako za matibabu. Aidha, ni swali la nani anayegharimika mwizi anapoupitia mmojawapo wa milango hiyo.

Milango isiyoonekana

Kila tarakilishi huongozwa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha mashine na kuzitawala programu nyingine zote. Windows ya kampuni ya Microsoft ndio mfumo uliozoeleka zaidi katika ofisi na maduka yetu.

Ndani ya mfumo huo mna programu ambazo mtumiaji hazioni wala haziiti. Kazi yazo ni kusubiri. Moja husubiri tarakilishi nyingine iombe faili. Nyingine husubiri amri ya kuchapisha karatasi. Nyingine humruhusu fundi aliye mbali kuiendesha mashine kana kwamba ameketi mbele yake.

Hizo ndizo huduma za mtandao, na kila moja husikiliza kwenye mlango wake wenye nambari. Ugawanaji wa faili katika Windows, kwa mfano, hutumia mlango nambari 445.

Mlango kuwa wazi si kosa. Duka lisilo na mlango haliuzi kitu. Hatari huja pale programu inayosikiliza inapokuwa na kasoro katika uundaji wake, na mtu asiyejulikana akaitumia kasoro hiyo kuingia bila kubisha hodi. Na kwa kuwa hakuna programu kubwa isiyo na kasoro, kila huduma inayosikiliza ni hatari inayongoja siku yake.

Hapo ndipo pande mbili huachana. Upande mmoja wasema mashine ije na huduma zote tayari ili mnunuzi asihangaike. Upande wa pili wasema ije imefungwa, kisha kila mtu afungue kile anachokihitaji.

Kwa nini Mutomo

Ili kupima hoja hizo, inafaa kuangalia pale ambapo uamuzi wa kiwandani haugeuzwi na mtu yeyote.

Huduma za serikali zimehamia mtandaoni kwa kasi. Kufikia katikati ya mwaka 2023, serikali ilitangaza kuwa zaidi ya huduma 5,000 zilikuwa zimeingizwa katika eCitizen. Ushuru hulipwa kupitia iTax, mikopo ya wanafunzi huombwa mtandaoni kwa HELB, na tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, usajili wa wagonjwa na madai ya hospitali hupitia mfumo wa kidijitali.

Kwa mkazi wa Mutomo, Ikutha au Mutha asiyemiliki tarakilishi, njia ya kuzifikia huduma hizo mara nyingi hupitia duka la intaneti sokoni. Huko hutoa kitambulisho kikapigwa nakala, mhudumu akaandika nywila kwa niaba yake, na nakala ikasalia ndani ya mashine. Baada ya miaka michache, duka lenye tarakilishi tatu na printa moja laweza kuwa limehifadhi nyaraka za mamia ya watu bila hata mwenyewe kukusudia.

Ili printa hiyo moja itumiwe na mashine zote tatu, ni lazima mashine zigawane huduma. Ili mteja aliyekuja na kipakatalishi chake aunganishwe, hupewa nywila ya Wi-Fi ya duka. Hivyo basi, mgeni na mwenyeji hujikuta katika mtandao mmoja, na kilichofunguliwa kwa ajili ya mwenyeji huonekana kwa mgeni.

Mashine zenyewe mara nyingi ni zile zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa nchini kuuzwa kwa bei nafuu. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Mashine haifi siku msaada unapokoma. Huendelea kuchapisha na kutuma fomu kama jana, ila kasoro mpya ikigunduliwa, kiraka cha kuiziba hakiji kama zamani.

Fundi anayepatikana sokoni ni hodari wa kazi anayolipwa kuifanya: kubadilisha betri, kuondoa vumbi, kuweka Windows upya. Hakuna mteja anayemlipa akague ni huduma zipi zinazosikiliza. Lawama hapa si yake.

Tofauti na benki kubwa ya Nairobi, ambayo ina wahandisi wa kuugeuza uamuzi wa kiwanda kabla mashine haijawekwa mezani, Mutomo uamuzi huo ndio wa mwisho. Mpangilio uliokuja na mashine ndio utakaodumu hadi mashine itupwe. Ndiyo maana mjadala huu, unaoonekana kuwa wa wataalamu wa Ulaya na Marekani, una uzito mkubwa zaidi kwa asiye na mtaalamu.

Ushahidi wa historia

Dunia imelijaribu jambo hili kwa zaidi ya miaka 30, na matokeo yako wazi.

Novemba 2, 1988, programu iliyoandikwa na mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani ilianza kujisambaza yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Inakadiriwa ilizilemaza takriban mashine 6,000, wakati ambapo intaneti yote ilikuwa na mashine kama 60,000. Mojawapo ya njia ilizozipitia ni kitumizi cha kurekebishia makosa ndani ya programu ya barua pepe, ambacho mtumiaji wa kawaida hakukihitaji kamwe. Kilikuwa kimeachwa kikiwa kimewashwa.

Januari 25, 2003, kirusi kilichoitwa Slammer kiliambukiza takriban mashine 75,000. Asilimia 90 ya mashine zilizokuwa hatarini zilinaswa katika muda wa dakika 10. Kiraka cha kuziba kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa miezi sita awali. Kwa nini basi hakikuwekwa? Sababu mojawapo ni kwamba programu ya hifadhidata iliyolengwa ilikuja ndani ya vifurushi vya programu nyingine, na wenye mashine wengi hawakujua kwamba wanayo. Mtu hawezi kuufunga mlango asiojua kwamba upo.

Agosti mwaka uo huo, kirusi cha Blaster kilipitia huduma nyingine ambayo Windows XP iliiwasha kwa kila mnunuzi. Kinga ya kuchuja mawasiliano ilikuwamo ndani ya Windows XP tangu ilipotolewa mwaka 2001, lakini ilikuja ikiwa imezimwa! Mwaka mmoja baada ya Blaster, Agosti 2004, Microsoft ilitoa sasisho kubwa lililoiwasha kinga hiyo kwa wote. Kinga ilikuwa ile ile, ikaboreshwa. Kilichobadilika hasa ni nani anayepaswa kufanya kazi ya kuiwasha.

Wasomaji wanaokumbuka enzi za virusi vya diski ndogo za kuchomeka watakumbuka Conficker, kilichoanza kuenea Novemba 2008 na kunasa mamilioni ya mashine duniani. Kilipitia mlango 445, na vilevile kilipitia tabia ya Windows ya kuanzisha programu iliyomo ndani ya diski mara tu inapochomekwa. Mwaka 2009 Windows 7 ilikuja bila tabia hiyo kwa diski za kuchomeka, na Februari 2011 Microsoft ikaizima katika mifumo ya awali. Baadaye kampuni hiyo iliripoti kuwa maambukizi ya namna hiyo yalipungua. Hakuna mtumiaji aliyefunzwa lolote. Mpangilio wa mwanzo ndio uliobadilishwa.

Kisha Mei 12, 2017, kukazuka WannaCry. Kirusi hiki kilifunga faili za watu na kudai fidia, kikafikia zaidi ya mashine 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza, miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ilifutwa. Kiraka kilikuwapo tangu Machi 14. Kasoro ilikuwa katika lugha ya zamani ya kugawana faili iliyoasisiwa miaka ya 1980, ambayo mashine za kisasa hazikuihitaji tena ili kuzungumza, lakini ilikuwa bado imewashwa. Oktoba mwaka uo huo, matoleo mapya ya Windows 10 yalianza kuja bila lugha hiyo.

Mtindo ni mmoja katika visa vyote. Huduma iliwashwa kwa wote kwa ajili ya wachache walioihitaji. Kasoro ikapatikana. Walioumia ni wengi ambao hawakuwahi kuitumia. Na kila mara marekebisho ya kweli yalikuja mtengenezaji alipokubali kuuhamisha mzigo kutoka kwa mnunuzi hadi kwake.

Kufungwa au kufichwa?

Watetezi wa hali ilivyo watasema kwamba tatizo limekwisha, kwa kuwa Windows za leo huja na kinga iliyowashwa. Hoja hiyo ina ukweli, ila inachanganya mambo mawili: huduma kufungwa na huduma kufichwa.

Huduma iliyofungwa haifanyi kazi kabisa. Huduma iliyofichwa inaendelea kufanya kazi nyuma ya kinga. Ukuta ukibomolewa, iliyofungwa haina la kutoa, lakini iliyofichwa inabaki uchi.

Na ukuta hubomolewa kila siku kwa sababu za kawaida kabisa. Chukulia mwenye duka aliye na foleni ya wateja siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu. Printa haiitikii. Fundi anajaribu hiki na kile, hatimaye anaizima kinga yote, printa inaitikia, kila mtu anafurahi. Hakuna atakayekumbuka kuiwasha tena.

Au Windows inapouliza kama mtandao huu ni wa nyumbani au wa umma, mwenye duka huchagua ule wa nyumbani kwa kuwa ndio unaoruhusu uchapishaji wa pamoja. Hakusema uongo, duka ni lake. Lakini wateja wanaoingia na simu na vipakatalishi si watu wa nyumbani mwake.

Mifumo mingine ilichagua njia ya kufunga. OpenBSD, mradi ulioasisiwa mwaka 1995 na kuongozwa kutoka Canada na Theo de Raadt, huja huduma zisizo za lazima zikiwa zimezimwa. Wenyewe hukiri kwamba katika historia yao ndefu ni kasoro mbili pekee zilizoweza kutumiwa kutoka mbali dhidi ya mfumo uliowekwa bila kubadilishwa. Ya mwaka 2002 ilikuwa katika programu ya kuingilia mashine kutoka mbali, mojawapo ya chache walizokuwa wameziacha wazi. Funzo ni kwamba hata waangalifu huumia pale wanapofungua. Ubuntu, toleo la Linux lililoanza mwaka 2004, nalo lilijiwekea kanuni ya kutokuwa na milango inayosikiliza watu wa nje mtumiaji anapouweka mfumo, isipokuwa michache iliyoruhusiwa mahsusi.

Upande wa hifadhidata nao una funzo. Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilifutwa na wahalifu walioacha barua za kudai fidia. Nyingi zilikuwa zikisikiliza intaneti nzima bila nywila, kwa kuwa matoleo ya awali yaliruhusu hivyo tangu mwanzo. Kufikia mwisho wa mwaka huo, toleo jipya lilikuja likisikiliza mashine yake lenyewe tu, hadi mwenyewe aamue vinginevyo.

Hoja ya usumbufu

Hoja nzito zaidi ya wanaopinga ni ya usumbufu, na haifai kudharauliwa. Duka la Mutomo laweza kuwa na skana kuukuu inayojua ile lugha ya zamani pekee ya kugawana faili. Ukiifunga, skana inakuwa chuma tu. Mwenye duka hana pesa za kununua nyingine, na lawama atamtupia aliyefunga.

Isitoshe, mtu anayesumbuliwa mno hufungua kila kitu ili apumzike. Kufunga bila kumsaidia mtumiaji kufungua kwa kiasi ni kumwelekeza kwa yule fundi anayeizima kinga yote.

Hata hivyo, jibu la hoja hii limo mfukoni mwa karibu kila msomaji. Simu ndiyo tarakilishi ya Mkenya wa kawaida. Simu ya Android, inapotoka dukani, kwa kawaida haiachi huduma za kugawana faili au za kudhibitiwa kutoka mbali zikiwasubiri wageni. Anayetaka kugawa intaneti yake huiwasha huduma hiyo mwenyewe. Programu ikitaka kamera, simu humwuliza mwenyewe pale pale inapohitajika. Watu hawajaacha kutumia simu kwa sababu hiyo. M-Pesa na WhatsApp hutumiwa kila siku na watu ambao hawajawahi kusikia neno mfumo endeshi.

Na pale watengenezaji wachache wa vifaa vya Android walipokiuka desturi hiyo, matokeo yalionekana upesi. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba baadhi ya vifaa viliuzwa mlango wa majaribio wa wahandisi ukiwa wazi kwa mtandao, na virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali vikaingia humo.

Kwa hivyo tatizo si kufunga, bali ni namna ya kufungua. Mfumo unapaswa kuuliza wakati ule printa inapotafutwa, kwa lugha anayoielewa mtumiaji, na kufungua kile kilichoombwa tu, kwa mashine zilizotajwa tu. Windows ina tafsiri ya Kiswahili kwa miaka mingi sasa. Haielekei kuwa jambo gumu kuandika: Je, unataka tarakilishi hizi mbili zitumie printa hii?

Mipaka ya dawa

Haitakuwa haki kuiuza dawa hii kama inayotibu kila ugonjwa. Sehemu kubwa ya wizi unaomwumiza Mkenya hutumia ulaghai wa mdomo: simu ya anayejifanya mhudumu, ujumbe wa pesa zilizotumwa kimakosa, laini iliyosajiliwa upya na mtu mwingine. Hakuna mlango wa tarakilishi utakaomzuia mtu kutoa nambari yake ya siri kwa hiari.

Shambulio la eCitizen nalo ni la aina nyingine. Jukwaa la umma ni lazima liwe wazi. Ndiyo kazi yake. Marekani ilipowafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan mnamo Oktoba 2024 kuhusu kundi hilo, ilieleza kuwa walitumia zana yao wenyewe iliyoendeshwa kwa seva za kukodi.

Lakini zipo gharika nyingine zilizotoka moja kwa moja katika vifaa vilivyoachwa wazi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya jeshi la kamera za usalama na ruta zilizouzwa huduma ya kuziendesha kutoka mbali ikiwa imewashwa na nywila ikiwa ni ile ile ya kiwandani. Bara letu lilionja: nchini Liberia, kampuni ya simu ya Lonestar ilishambuliwa kwa jeshi la namna hiyo, na Januari 2019 mahakama jijini London ilimfunga raia wa Uingereza miezi 32 kwa kosa hilo. Kamera za watu wasio na habari, katika nchi walizokuwa, ziligeuzwa silaha dhidi ya wateja wa simu wa Monrovia.

Hapo ndipo hoja ya kwamba kila mtu ajilinde mwenyewe inapoporomoka. Mlango ulioachwa wazi katika duka moja haumwumizi mwenye duka peke yake.

Sheria inamlenga nani?

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 humwadhibu anayeingia katika mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi Sh5 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini hiyo huja mwizi akishaingia, tena akikamatwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 41 kinamtaka anayeshughulikia data za watu kuweka ulinzi tangu hatua ya kubuni mfumo, na kuhakikisha kuwa mpangilio wa mwanzo unatumia data zinazohitajika tu, ikizingatiwa pia ni nani anayeweza kuzifikia. Wabunge walikubali, labda bila kutambua uzito wake, kwamba mpangilio wa mwanzo ni suala la kisheria.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inambana mwenye duka na hospitali, wala si aliyeuunda mfumo. Kanuni za mwaka 2021 huwaondolea wajibu wa kujisajili walio na mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa katika sekta fulani, ikiwamo ya afya. Hata hivyo, wajibu wa kulinda data unabaki. Faini yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kwa maneno mengine, aliyenunua nyumba anaadhibiwa kwa mlango ambao fundi wa kiwandani aliujenga bila kitasa, na bila kumwambia upo.

Kwingineko mzigo umeanza kuhamishwa. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, imepiga marufuku vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti kuuzwa na nywila moja kwa wote. Muungano wa Ulaya umepitisha sheria inayotaka bidhaa za kidijitali ziuzwe zikiwa na mpangilio salama tangu mwanzo, na masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 11, 2027.

Kenya haina soko la kuiamrisha Microsoft. Lakini ina mikono mitatu ya kutumia.

Wa kwanza ni ununuzi wa umma. Serikali na kaunti, zikiwamo Kitui na Makueni, hununua tarakilishi, ruta na kamera kila mwaka kwa zabuni. Sharti moja katika zabuni linatosha: kifaa kiletwe bila huduma yoyote inayosikiliza isipokuwa zilizoorodheshwa, na kikaguliwe kabla ya malipo. Ukaguzi huo hufanywa kwa dakika chache na kwa programu zisizouzwa. Mamlaka ya TEHAMA, inayotayarisha viwango vya teknolojia serikalini, ndiyo inayofaa kuliandika.

Wa pili ni Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla ya kuuzwa nchini. Idhini hiyo isiishie kwenye masafa na nguvu za mawimbi. Iulize pia kama ruta inaweza kuendeshwa kutoka nje bila mwenyewe kuruhusu.

Wa tatu ni Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Badala ya kusubiri malalamishi, itoe mwongozo wa ukurasa mmoja kwa maduka ya intaneti, kwa Kiswahili na lugha za kaunti, Kikamba kikiwamo: namna ya kutenga Wi-Fi ya wateja na mashine za duka, namna ya kufungua printa pekee, na siku ya kufuta nakala za vitambulisho.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa. Serikali iliyoingia mamlakani mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za nyaya za intaneti, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na vitovu vya kidijitali 1,450 katika wadi. Kila kituo na kila kitovu kitahitaji mashine, na kila mashine itakuja na uamuzi ambao mtu wa mbali ameshaufanya.

Kuligeuza jambo hilo kwenye karatasi ya zabuni hakugharimu chochote. Kuligeuza baadaye, mashine kwa mashine, kutoka Mutomo hadi Mandera, ndiko kule wahenga walikokuonya waliposema kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta.